Mashine imeandika MI (shambulio la moyo), kijana ana miaka 26. Nilikosea kumpa rufaa? Na nyie ECG, mchoro wa umeme wa moyo, mlijifunzaje?

#1 IntaniWaMwisho
Habari za jioni wakuu. Niko intani, hospitali ya wilaya, siitaji. Juzi usiku saa sita kaletwa kijana wa boda, miaka 26, kifua kinauma upande wa kushoto tangu saa kumi na mbili jioni. Presha 130/80, mapigo 88, oksijeni nzuri, mapafu safi. Nikapiga ECG, mashine ikaandika juu kabisa kwa herufi kubwa MI ya papo hapo. Mimi nikiangalia naona ST, kile kipande baada ya mchomo mkubwa wa pigo, imepanda V2 mpaka V4 (za kifuani) kama viboksi vidogo viwili hivi. Troponini, kipimo cha damu cha moyo kuumia, hatuna. Nikampa aspirini 300 akatafuna, nikaandika rufaa, gari likaondoka saa nane usiku kilomita 140, ndugu wakachangishana mafuta ya gari. Asubuhi mkubwa wangu kaangalia kopi akacheka, kaniambia "hii ni ya kawaida kwa vijana, umewatia watu hasara". Toka hapo silali vizuri. Picha nimeweka hapo chini, jina nimeziba. Swali la kwanza nilikosea? La pili, hivi nyie mlijifunzaje kusoma hiki kitu, maana chuo nilifaulu mtihani lakini usiku ule karatasi ilikuwa inanitazama tu na mimi naitazama.

#2 kandambili
Naweka kambi hapa, chai ya tangawizi mkononi. Waje wenye mada yao.

#3 MzeeWaStetho
Pole kijana. Kwanza kuziba jina umefanya vizuri, wengi humu wanarusha karatasi za wagonjwa na jina mpaka namba ya faili. Ila umeziba jina kwa KIDOLE GUMBA na hicho kidole kimekaa juu ya lidi (pembe za kuutazama moyo) I na aVR yote. Hizo ndio lidi mbili ambazo mimi nilitaka kuziona za kwanza. Na chini umekata, sioni spidi ya karatasi wala filta ya kusafisha mchoro. Kwa hiyo picha yako ni robo tatu ya ECG. Maswali: maumivu yanabadilika akilala? Akivuta pumzi? Aliumwa nini wiki mbili zilizopita? Anatumia nini? Ulirudia ECG ngapi kabla gari halijaondoka?

#4 boda_mpole
Wakuu mimi sio daktari, nina miaka 26 na ni boda. Nimefungua uzi huu na kifua kimeanza kuuma hapahapa.

#5 Ndoano
Mleta mada pole ila mkubwa wako yuko sahihi. Hiyo ni ripolarizesheni ya mapema, eli ripola kwa lugha ya wodini. Angalia V4, pale QRS, ule mchomo mkubwa, inapoisha kuna kandoano kadogo, kama samaki kakamata chambo, halafu ST inapanda ikiwa imebonyea kwa ndani na T, wimbi linalofuata, ndefu iliyosimama vizuri. Vijana wa kiume na hasa sisi weusi tunakuwa nayo sana, wachezaji mpira ndio usiseme. Mashine ikiona ST milimita mbili V2 V3 inaweza kupiga kelele. Nimeona watatu mwaka huu wamepewa rufaa kwa hiyo na wote walirudi na panadoli.

#6 IntaniWaMwisho
Asanteni. Mzee, majibu: sikumuuliza kuhusu kulala, naona aibu kusema ila ndio ukweli. Ila nakumbuka wakati nampiga ECG alikuwa hataki kulala chali, sista alimshika bega. Mafua na kikohozi aliumwa wiki moja nyuma, ndugu ndio walisema. Sigara hapana. ECG nilipiga moja, karatasi ilikuwa inaelekea kuisha, nikatoa kopi mbili za ileile, moja ikaenda na mgonjwa.

#7 DktPwani
Bwana we, hapo hapo! Mafua wiki moja, hataki kulala chali, na wewe unatwambia MI. Mie nasema huo ni utando wa moyo umevimba, perikadaitisi, na kama misuli nayo imeguswa basi maikadaitisi. Tazama lidi II kwenye picha yake, kile kipande kati ya P, wimbi dogo la kwanza, na QRS kimeshuka kidogo, mie nimeikuza simu mpaka ikawa mraba mraba lakini kimeshuka. Ingekuwa aVR inaonekana tungeona PR imepanda na mambo yameisha. Lakini kuna kidole.

#8 Ndoano
@DktPwani PR umeiona kwenye picha ya simu iliyopigwa usiku kwa tochi? Hongera. Perikadaitisi ST inapanda karibu kila mahali, hii iko V2 hadi V4. Na kuna hesabu rahisi, V6 chukua urefu wa ST gawa kwa urefu wa T, ikizidi robo fikiria perikadi, ikiwa chini ya robo ni ripola. Hapa V6 ST nusu kiboksi na T viboksi sita. Gawa mwenyewe.

#9 DktPwani
Hesabu hiyo naijua na inapotea njia mara nyingi tu. Mgonjwa nae anahesabiwa, si karatasi peke yake. Hataki kulala chali, hilo umeliweka boksi la ngapi?

#10 sista_zamu
Mnabishana ST kabla hamjauliza nani kaweka stika na kaziweka wapi. Miaka 14 napiga ECG, V1 na V2 watu wanaziweka juu sana karibu na mtulinga kwa sababu wanaogopa kushusha mkono, hasa mgonjwa akiwa mwanamke. Ukiziweka juu unapata mchoro wa ajabu V1 V2, R ndogo inarudi mara ya pili, ST inajikunja, mara mnaanza kusema Brugada, ugonjwa wa umeme wa moyo, mara mnasema infaksi (MI) ya mbele ya zamani. Mimi intani wangu nawafundisha hivi: weka kidole kwenye kile kishimo cha shingo, shuka taratibu utagusa kibonge kwenye mfupa wa kidari, ukiteleza pembeni hapo ni ubavu wa pili, nafasi chini yake ni ya pili, hesabu ya tatu, ya nne. Hapo kulia ni V1, kushoto V2. Kisha RUKA, weka V4 kwanza, nafasi ya tano usawa wa katikati ya mtulinga, ndio urudi V3 katikati yao. V5 na V6 zinakwenda usawa wa V4, sio kufuata ubavu unavyopinda. Mwanamke titi linainuliwa kwa mgongo wa kiganja, stika inakaa chini ya titi, na pazia linafungwa kwanza. Dakika mbili tu. Mleta mada, wewe uliziweka au sista?

#11 IntaniWaMwisho
Aliziweka sista, na V3 ilikuwa haishiki kwa jasho tukaibandika na plasta. Stika zenyewe zilikuwa za kurudia.

#12 sista_zamu
Ya kurudia jamani 🙈 Haya. Futa jasho kwa gozi kavu mpaka ngozi iwe nyekundu kidogo, nywele nyoa, jeli ikiisha hata ile ya ultrasaundi inasaidia kuliko kavu.

#13 FundiVifaaTiba
Naomba nipite. Mimi sio daktari, natengeneza hizi mashine kanda nzima. Mambo matatu ambayo yanawatesa madaktari na hawajui.

Moja, rangi za waya. Mashine zinazofuata mfumo wa Ulaya: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Sisi tunasema taa za barabarani, anza mkono wa kulia nyekundu, zunguka njano, kijani. Sasa zinakuja mashine za msaada kutoka Marekani, zenyewe nyeupe ndio mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Sista aliyezoea taa za barabarani anaweka nyekundu mkono wa kulia kama kawaida, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia, nyeupe iliyobaki anaisukumia mkono wa kushoto. Matokeo lidi II na III zinapinduka kichwa chini. Kuna kituo nilikuta wagonjwa wa miezi miwili wote wana "tatizo la chini ya moyo". Nilibandika tepu za rangi kwenye waya nikaondoka.

Pili, kuna mashine inasafisha mtikisiko wa umeme wa hezi 60 wakati umeme wetu ni hezi 50. Mchoro unakuwa mnene kama umechorwa na kalamu ya makapeni. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe, sekunde kumi.

Tatu, na hii ndio ya mleta mada, filta ya chini. Ya kusomea ugonjwa inatakiwa ianzie 0.05. Watu wakiona mstari unapanda na kushuka mgonjwa akipumua wanaibana mpaka 0.5 ili utulie, na ST nayo inaweza kuvutwa ikakaa mahali sipo. Inaandikwa chini ya karatasi. Umeikata.

#14 MzeeWaStetho
#13 nimejifunza leo, na nina mvi. Nyongeza kwenye spidi: kawaida ni milimita 25 kwa sekunde, kiboksi kidogo 0.04, kikubwa 0.2. Mwaka fulani mtu alibonyeza mashine yetu ikawa 50. Raundi ya asubuhi wodi nzima bradikadia, mapigo 38, 40, 36, QRS pana, tukaanza kuulizana wagonjwa wamekula nini. Mgonjwa mmoja kakaa anakunywa uji anatuangalia. Nikamshika mkono, mapigo 76. Ndio nikatazama chini ya karatasi. Shikeni mkono wa mgonjwa jamani, ni bure.

#15 boda_mpole
Nimejishika mkono ni 110. Hiyo ni spidi ngapi?

#16 kandambili
@boda_mpole hiyo ni spidi ya kukimbia trafiki, tulia.

#17 Otieno_wa_Ziwa
Salimia nyote kutoka huku Kenya. Mimi ni klinikali ofisa. Hakuna mtu ameuliza kama huyo kijana anatafuna miraa. Madereva wa usiku wanatafuna, na miraa imehusishwa na mishipa ya moyo kujikaza, mtu wa miaka 28 anapata MI ya ukweli na mishipa yake ikipigwa picha iko safi. Nilikuwa na mmoja, tulimwambia ni asidi, tukampa dawa ya tumbo, alirudi baada ya masaa matatu akiwa na jasho na ECG imebadilika kabisa. Kwa hivyo hiyo maneno ya "ni kijana tu" mimi niliiacha siku hiyo. Na mleta mada hata kama angekosea, kosa la kurefa na kosa la kulaza mtu nyumbani si sawa hata kidogo.

#18 Ndoano
Miraa huku kwetu ni marufuku mkuu.

#19 Otieno_wa_Ziwa
Marufuku, sawa. Na hakuna mtu anatafuna. Sawa.

#20 IntaniWaMwisho
Ngoja, sikuuliza miraa pia. Huu uzi unanivua nguo 😅 Kwa hiyo mpaka sasa tuna ripola, perikadi, stika vibaya, filta, na mishipa kujikaza. Naomba mnisaidie na swali la pili, kujifunza. Nimeangalia video nyingi, nikimaliza video naelewa, nikipewa karatasi sielewi.

#21 BintiMuhas
Mimi niliteseka hivyohivyo mpaka mwalimu mmoja akatuambia sahau mawimbi, fikiria vituo vya daladala. Umeme wa moyo ni daladala, kila lidi ni mtu kasimama kituoni. Gari likija kwake mchoro unapanda, likimwacha unashuka, likipita kwa ubavu unapanda nusu unashuka nusu. Umeme unaanza juu kulia unakwenda chini kushoto. Sasa lidi II kasimama kule chini kushoto, gari linamjia uso kwa uso, ndio maana iko juu na safi. II, III na aVF wanatazama chini ya moyo, I, aVL, V5, V6 wanatazama ubavuni, V1 mpaka V4 wanatazama mbele. Ukiona ST imepanda kwa wa chini, nenda kaangalie aVL kama imeshuka. Toka siku ile sikukariri tena.

#22 kandambili
Na aVR?

#23 BintiMuhas
aVR kasimama kule gari linapotokea, kila daladala linamwacha. Ndio maana iko chini siku zote, na ukiikuta imesimama juu jua kuna mtu kabadilisha mikono, au moyo uko kulia. Kutofautisha, angalia V1 mpaka V6, moyo ukiwa kulia R haikui inazidi kupungua, mikono ikibadilishwa kifuani hakuna shida.

#24 kandambili
Mimi ni aVR kwenye mahusiano.

#25 MkunjaKaratasi
Njia yangu ni moja tu na ni ya kijinga. Karatasi ikitoka sisomi maneno ya mashine, nakunja ile sehemu ya juu kwa nyuma kabla sijaangalia. Halafu naenda kwa mpangilio uleule kila siku hata kama mgonjwa anakufa: jina na tarehe, spidi, mapigo, je yanakwenda sawasawa, kila QRS ina P yake, PR viboksi vitatu mpaka vitano, QRS isizidi vitatu, mhimili kwa I na aVF, R zinakuaje kifuani, ST, T, QT. Naandika kwa kalamu nyuma ya karatasi. NDIO nakunjua na kuangalia mashine imesema nini. Tano kwa siku, na nyingi ni za watu wazima wazima wanaofanyiwa opereshini ya henia. Usidharau za kawaida, ukiona mia za kawaida ile isiyo ya kawaida inakuchoma jicho yenyewe. Tatizo la vijana mnaanza na video za maajabu, Brugada na Wellens, wakati hujaona mia za kawaida.

#26 mgeni_wa_leo
Mapigo si unagawa 300 kwa boksi kubwa kati ya R na R?

#27 MkunjaKaratasi
Kama yanakwenda sawa ndio. Kwenye AF, mapigo yasiyo na mpangilio, kila nafasi ina urefu wake utapata majibu manne. Hesabu R zote kwenye mstari mrefu wa sekunde 10 zidisha 6. Na ukikuta mapigo 150 kamili yamenyooka kama rula, usiseme sainasi (mpigo wa kawaida) haraka, tafuta flata, vyumba vya juu vinapepea, imejificha.

#28 MzeeWaStetho
Nakazia #25 ila napinga kidogo. Maneno ya mashine usiyaamini, namba zake zitazame, PR na QRS inapima vizuri kuliko rula yako ya saa tisa usiku. QT irudie mwenyewe. Lakini kujifunza kwa karatasi peke yake ni kujifunza kuogelea kitandani. Mimi ECG iliyonifundisha ni ya mama mmoja wa figo, aliletwa hana nguvu, hawezi kuinua mkono. T zimechongoka kila lidi, kama mahema yamepangwa, P hazionekani, QRS imeanza kupanuka. Mashine iliandika kizuizi cha tawi la umeme la kushoto na infaksi haijulikani ya lini. Hatukusubiri maabara ya potasiamu, kalsiamu ikaingia kwenye mshipa taratibu mimi nimesimama na mashine imewashwa, na nikaona kwa macho QRS inabana, inabana. Dakika chache tu. Sijawahi kusahau hema mpaka leo, na hakuna video iliyonifundisha.

#29 DktPwani
Nami yangu ni binti wa miaka 19 mjamzito, kapumua kwa shida, lidi II P ina nundu mbili kama ngamia, V1 nayo imezama. Nilipoona ngamia nikamwekea sikio vizuri, kumbe valvu ya maitro imebana, homa ya baridi yabisi ya utotoni. ECG ilinambia nisikilize wapi.

#30 mtaalam_uchwara
Huyu Mjerumani aliyegundua hii mashine angejua inavyotutesa.

#31 BintiMuhas
Mholanzi. Willem Einthoven, na alizaliwa Semarang, Java, 1860, akafanyia kazi Leiden. Nobeli alipata 1924. Na nyie mnaolalamika stika za kurudia, mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo mia mbili na kitu, inataka watu watano kuiendesha, mgonjwa anatumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye ndoo za maji ya chumvi. Ukijiuliza kwa nini lidi I, II na III zinatumia mikono miwili na mguu wa kushoto tu, ndoo ndio jibu.

#32 MkunjaKaratasi
Na mwanzo wagonjwa walikuwa hospitali, mashine iko maabara kama kilomita moja na nusu, wakavuta waya wa simu. 1905 hiyo. Kwa hiyo kutuma ECG kwa simu kumewatangulia grupu zenu za WhatsApp kwa miaka mia.

#33 sista_zamu
Ila yake haikuwa na kidole gumba.

#34 Nyakati_Ngumu
Mnazungumzia mashine, mimi bibi yangu alikataa kabisa. Kaona waya kumi akasema "mnataka kunipiga shoti nife mrithi shamba". Ikabidi mimi nilale kwanza nipigwe yeye akiangalia. Yangu ndio ikatoka na kasoro, yake safi 😂

#35 sista_zamu
Hiyo ipo kila wiki. Usiseme "kipimo cha umeme wa moyo". Sema mashine inausikiliza moyo, haitii kitu inachukua tu. Analala na misuli inatulia, maana mgonjwa akiogopa anatetemeka na mnaanza kuona AF pasipo na AF.

#36 Rufaa_Moja
Turudi kwenye rufaa maana ndio kinachomnyima usingizi. Mimi niko upande wa pili, napokea hizo rufaa. Kwa siku naletewa ripola mbili tatu za saa tisa usiku, kweli inachosha, kweli familia zinauza kuku na mbuzi. Lakini wiki iliyopita nimeletewa mzee wa miaka 58 aliyekaa siku mbili kituoni na "vidonda vya tumbo", ST imepanda II, III, aVF, hakuna aliyempiga ECG. Kulia napo pameguswa, kawekewa dawa ya chini ya ulimi ya kupanua mishipa presha ikaanguka. Hapo ungehamisha V4 upande wa kulia kwanza ungejua. Kwa hiyo kijana, nikichagua kati yako na wale wa kituo kile nakuchagua wewe. ILA ungerudia ECG baada ya dakika 15, na tena baada ya nusu saa. Ripola inakaa vilevile kama picha ya ukutani, MI inatembea. Karatasi kuisha sio sababu, mistari sita sita inatosha.

#37 Ndoano
Hilo la kurudia nakubali asilimia zote. Na ECG ya zamani kama anayo. Vijana wangu wenye ripola nawapa kopi wakae nayo kwenye pochi pamoja na leseni. Kopi ya mashine ya fotokopi lakini, sio ile ile, maana ile karatasi ni ya joto inafutika ndani ya miezi.

#38 DktPwani
Na ikikaa juani inakuwa nyeusi.

#39 IntaniWaMwisho
Wakuu nina mrejesho. Nimempigia mwenzangu aliyeko kule alikopelekwa. Troponini ilipanda kidogo, ya pili ikapanda tena kidogo kisha ikashuka. Eko, ultrasaundi ya moyo, inaonyesha moyo unapiga vizuri, hakuna maji kwenye utando. Kwenye faili la kulazwa wameandika MI. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika maikadaitisi na alama ya kuuliza. Daktari wa tatu kapitia akasema mchoro wenyewe ni ripola na troponini ni habari nyingine. Picha ya mishipa hakupigwa, ndugu waliomba wajipange. Kijana yuko nyumbani, hana maumivu.

#40 DktPwani
Alhamdulillahi. Na mie nilisema nini #7?

#41 Ndoano
Ulisema perikadi, eko imesema hakuna maji.

#42 DktPwani
Perikadi haihitaji maji! Na #7 nimeandika maikadaitisi kwa herufi zangu, rudi usome.

#43 Otieno_wa_Ziwa
Na mishipa kujikaza inapandisha troponini kidogo hivyohivyo halafu eko inakuwa sawa. Mmemuuliza miraa sasa?

#44 Rufaa_Moja
Kinachowezekana pia ni vyote viwili, kijana mwenye ripola yake ya kuzaliwa nayo kapata maikadaitisi juu yake. Mtu kuwa na ndoano V4 hakumzuii kuugua. Bila ECG nyingine ya siku ya leo hatuwezi kutenganisha, ikibaki vilevile Ndoano anakula ushindi, ikishuka DktPwani. Mleta mada mwite aje bure upige tena, stika mpya.

#45 Ndoano
Naafiki. Na ile ya kwanza iwekwe upya yote, juu mpaka chini, tulinganishe. I, aVR, na filta.

#46 FundiVifaaTiba
Hasa filta.

#47 IntaniWaMwisho
Kijana nimempigia anakuja Jumatano akimaliza kupeleka watoto shule. Kuhusu miraa kacheka tu, hakusema ndio hakusema hapana. Kuhusu ile karatasi... kopi yangu ilikuwa kwenye mfuko wa koti jeupe. Koti lilienda kwa dobi. Dobi hakukagua mfuko, alilinyunyizia maji akapiga pasi. Karatasi yote nyeusi tii, kimebaki kipande kidogo pembeni.

#48 sista_zamu
Kipande gani?

#49 IntaniWaMwisho
Pale mashine ilipoandika MI.

#50 boda_mpole
Mimi Jumatano naweza kuja pia? Nitalipia stika.